Kopo Libaki Ulaya, Kipimo Kije Nyumbani

Katika mji wowote wa kawaida nchini Uingereza, mtu mzima anaweza kuingia dukani, akanunua kopo la kimea, pakiti ya hamira, ndoo ya plastiki na kifaa kidogo cha kioo cha kupimia, kisha akarudi nyumbani kupika bia. Haombi kibali, halipi ushuru, hana sababu ya kujificha. Sharti ni moja tu: asiiuze. Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, jambo hili linapaswa kutufikirisha. Kazi hiyohiyo imefanywa kwetu kwa karne nyingi, kwa mikono ya akina mama wa Kilimanjaro, Kagera, Kakamega na kwingineko, na bado kila inapotajwa hadharani hutajwa kwa aibu au katika taarifa ya msako wa polisi. Huku ni burudani ya heshima yenye vitabu, mashindano na maduka yake. Wengi wetu tukiulizwa sababu, tunajibu upesi kwamba wenzetu wana teknolojia. Jibu hilo siliamini. Ninavyoona, ustadi wa kupika pombe tunao, na kwa sehemu kubwa unazidi ule wa mpikaji wa kopo. Tulichokosa ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kipimo kinachomwambia mpikaji na mnywaji nguvu ya kinywaji, na utaratibu wa sheria unaomwona mpikaji kuwa mtu wa kufundishwa. Kama kuna cha kuiga huku, basi ni hivyo viwili, wala si kopo.

Tuanze na kinachofanyika huku. Kopo la kawaida lina takriban kilo 1.7 za kimea cha shayiri kilichokwisha kupikwa na maua ya hopi hadi kikawa kizito kama asali. Mpikaji anakiyeyusha katika lita chache za maji ya moto, anaongeza sukari, anajaza maji baridi hadi lita 23, anasubiri joto lishuke kufikia nyuzi 20 hivi, kisha ananyunyiza hamira na kufunika ndoo. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, uchachu unakuwa umekwisha. Bia inatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo ili ipate gesi, na baada ya wiki mbili nyingine inanyweka. Kazi yote ya mikono haizidi saa chache. Kazi ngumu, yaani kuotesha shayiri, kuikausha, kuisaga, kuitoa sukari yake kwa maji ya moto na kuichemsha na hopi, ilimalizwa kiwandani kabla kopo halijafungwa. Hata jina lililoandikwa kwenye kopo mara nyingi ni la kuvutia tu: makopo mengi yanayoitwa "lager" hayana hamira ya lager, ambayo hutaka ubaridi wa nyuzi 10 hivi kwa wiki nyingi. Huwekewa hamira ya kawaida ya joto la nyumbani, ili kila anayenunua afanikiwe.

Lakini ndani ya kazi hiyo rahisi kuna jambo moja lenye thamani kubwa, nalo huonekana vizuri zaidi pale mpikaji anapotaka bia nyepesi. Nguvu ya bia huamuliwa kabla hamira haijaingia. Kopo hilo pekee, likizimuliwa kufikia lita 23, hutoa kinywaji chenye kilevi cha asilimia 2 na kidogo. Ukiongeza nusu kilo ya sukari, unapata karibu asilimia 3. Ukiongeza kilo nzima, unapita asilimia 4. Mpikaji halazimiki kubahatisha, kwa sababu ana haidromita, kile kifaa cha kioo kinachoelea. Katika maji matupu husoma 1.000. Katika maji ya kimea yenye sukari huelea juu zaidi, labda 1.030. Hamira ikishakula sukari hushuka hadi 1.008 au karibu na hapo. Tofauti ya namba hizo mbili, yaani 0.022, ukiizidisha kwa 131 unapata asilimia 2.9 ya kilevi. Kisha kifaa hichohicho kinatoa tahadhari: kama kipimo cha leo ni sawa na cha jana, uchachu umekoma na chupa zinaweza kufungwa; kama bado kinashuka, chupa zitapasuka. Mtu asiyejua kemia hata kidogo, baada ya kusoma karatasi ya maelekezo, anaweza kusema bila kubabaika kwamba bia yake ina nguvu kiasi gani.

Sasa tuangalie nyumbani, tuone nani ana kazi ngumu zaidi. Katika mbege ya Wachaga, ndizi mbivu hupikwa kwa saa nyingi, zikaachwa zichache kwa siku kadhaa, kisha zikachujwa. Kando yake ulezi hulowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa; unga wake hupikwa uji, uji ukapozwa na kuchanganywa na maji ya ndizi. Uchungu unatoka kwenye gome la msesewa, mti unaofanya katika mbege kazi inayofanywa na hopi katika bia ya Ulaya. Katika busaa ya magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchache, kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi ugeuke rangi, ndipo huchanganywa na maji na kimea cha ulezi ili uchachu wa pili uanze. Njia zote hizi zinadai mpikaji aoteshe nafaka mwenyewe, ajue siku ya kuusimamisha mche kabla haujala wanga wote, na ajue kwa kugusa tu kama mchanganyiko umepoa kiasi cha kutoviua vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Huku Uingereza, wapikaji wa nyumbani wengi hawafiki hatua ya kutumia nafaka badala ya kopo, na hata wanaofika hununua kimea kilichokwisha kuoteshwa na wengine. Kwa hiyo anayesema kwamba mzungu ametupita kwa ujuzi wa kupika pombe hajatazama vizuri. Mama anayepika mbege anamiliki mnyororo mzima, kuanzia mbegu hadi kata.

Basi, kama ustadi si tofauti, tofauti imetoka wapi? Historia ya Uingereza yenyewe inajibu. Katika karne ya 13 pombe ya Waingereza ilifanana sana na yetu: ilipikwa majumbani, mara nyingi na wanawake, haikuwa na hopi, na ilichacha upesi ikawa siki, hivyo ilinywewa karibu na ilipopikwa. Utawala wa wakati huo haukupeleka watu wa kuimwaga. Sheria ya Mkate na Bia, iliyotolewa zamani za Mfalme Henry III, iliweka bei kulingana na bei ya nafaka, na kila mtaa ukawa na waonjaji wa bia. Mpikaji alimwita mwonjaji kabla ya kuuza. Akiuza pombe mbovu au kutumia kipimo pungufu, alitozwa faini. Faini hizo zilizoeleka hadi zikawa kama ada ya leseni. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1880 serikali iliwataka hata wanaopika bia ya kunywa nyumbani wawe na leseni, na sharti hilo lilidumu hadi mwaka 1963, Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipolifuta. Baada ya hapo biashara ya makopo ilishamiri, na kufikia miaka ya 1970 hata maduka ya dawa ya Boots yaliuza vifaa vya kupikia bia. Marekani ilichelewa zaidi: Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani mwaka 1978, na majimbo ya mwisho kukubali, Alabama na Mississippi, yalisubiri hadi mwaka 2013. Uhuru tunaouona leo huku ni uamuzi wa kisheria wa juzijuzi, uliofanywa na watu waliojadiliana mstari uchorwe wapi.

Na mstari huo umechorwa mahali pa busara. Uingereza inamruhusu kila mtu mzima kupika bia na mvinyo wa kunywa mwenyewe, lakini inamkataza kabisa kutengeneza pombe kali nyumbani bila leseni. Marekani nayo kwa muda mrefu imefuata mstari huohuo. Mpaka uko kwenye mtambo wa kuvukiza: kilichochacha tu ni cha mpikaji, kilichochemshwa na kuvunwa mvuke wake ni cha serikali kusimamia kwa ukali. Mpaka huo una mantiki, maana hamira yenyewe haivumilii kilevi kingi, na pombe ya kuchacha ya nafaka haipandi juu sana, ilhali mtambo unaweza kutoa kinywaji chenye nguvu mara kumi. Kwetu mpaka huo si mgeni. Tanzania ilitunga sheria ya moshi, yaani gongo, mwaka 1966, na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaacha pombe za kienyeji ziuzwe kwa leseni. Kenya, kwa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kuvukizwa, na kuiweka chini ya leseni. Hata hivyo, katika utekelezaji na katika mazungumzo ya kila siku, vitu vinachanganywa. Kwenye misako busaa humwagwa pamoja na chang'aa, na maneno "pombe haramu" na "pombe ya kienyeji" yanatumika kana kwamba yana maana moja. Vipimo vilivyofanywa magharibi mwa Kenya viliikuta busaa ikiwa na kilevi cha karibu asilimia 4, na chang'aa zaidi ya asilimia 30. Kuviweka vitu hivyo katika pipa moja ni kumnyima mnywaji taarifa anayoihitaji kuliko zote, yaani kipi ni chepesi na kipi ni kikali.

Hapa ndipo kipimo kinapogeuka kuwa suala la afya ya umma. Tangu mwaka 2016 ushauri rasmi wa madaktari wa Uingereza ni kwamba mtu mzima asizidishe yuniti 14 za kilevi kwa wiki, na yuniti moja ni mililita 10 za kilevi halisi. Nusu lita ya bia ya asilimia 4 ni yuniti 2; nusu lita ya bia nyepesi ya asilimia 2.8 ni chini ya yuniti moja na nusu. Kodi nayo inafuata hesabu hiyo: tangu Agosti 2023 ushuru wa vileo nchini humo hutozwa kwa kuangalia nguvu, na vinywaji vyenye chini ya asilimia 3.5 hutozwa kwa kiwango cha chini, ili watengenezaji wavutwe kuelekea bia nyepesi. Uskoti iliweka bei ya chini kabisa kwa kila yuniti mwaka 2018. Kila moja ya sera hizo inategemea mtu kujua asilimia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, nami sina ubishi na hilo. Lakini ushauri wa kupunguza hauna pa kushika kama anayeshauriwa hajui ananywa nini. Mzee anayekunywa kata tatu za mbege hana njia ya kujua kama leo amekunywa sawa na jana au mara mbili yake, kwa kuwa mbege ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu si kinywaji kimoja. Muuguzi wa zahanati hawezi kumsaidia, na mpikaji hawezi kumwambia. Wote watatu wanategemea ulimi, na ulimi hukadiria utamu na uchachu kuliko nguvu.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni vifo. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na Februari 2024 watu 17 walikufa kaunti ya Kirinyaga. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: baada ya misiba hiyo, kweli tunataka kuhalalisha jiko la kila nyumba? Jibu linaanza na kuelewa kilichoua. Methanoli inayopofusha na kuua haitokani na ulezi au mahindi yaliyochacha kwenye mtungi. Kiasi kinachozalishwa katika pombe ya kuchacha ni kidogo sana. Kwa kawaida misiba ya aina hii hutokea pale muuzaji anapotia kemikali ya viwandani ili pombe kali iwe na nguvu kwa bei ndogo. Kinachomsukuma ni soko la siri, ambamo anayenunua nguvu hana jinsi ya kuipima na anayeuza hana jina la kulinda. Ni kweli kwamba pombe ya kuchacha nayo inaweza kuua. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Uvumi ulisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha sumu ya bakteria iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibika. Haidromita isingeiona sumu ile, na sitaki msomaji adhani kifaa kimoja kinatibu kila kitu. Lakini mwongozo wowote wa kupika bia nyumbani huku huanza kwa kurasa za usafi na ubora wa malighafi kabla haujafika kwenye hamira, na funzo hilo hasa ndilo lililohitajika Chitima: unga ulioharibika haupikwi pombe, kama usivyopikwa ugali. Funzo la namna hiyo humfikia mpikaji anayefundishwa. Yule anayekimbizwa halimfikii.

Pingamizi la pili ni kwamba kumpa mpikaji heshima ni kuongeza ulevi. Wanaosema hivyo wameona familia zilizoharibika, na maumivu yao si ya kupuuzwa. Ila tuangalie mnywaji wa kipato kidogo anachagua kati ya nini na nini. Mwaka 2004 Kenya ilipunguza ushuru kwa ajili ya bia ya bei nafuu, Senator Keg, kwa lengo la kuwavuta watu kutoka pombe za hatari, na ikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 2013 ushuru uliporudishwa, mauzo yaliporomoka, na baadaye serikali ilibidi ilegeze tena. Somo ninalolipata ni kwamba bei ikipanda au pombe nyepesi ikipotea, mara nyingi mnywaji hageukii maji. Anageukia kile chenye nguvu zaidi kwa shilingi ileile. Msako unasukuma upande huohuo. Pombe nyepesi ina ujazo mkubwa, harufu, moto na siku kadhaa za kuchacha, kwa hiyo ni ngumu kuificha. Pombe kali inaingia kwenye chupa ndogo chini ya kitanda. Sheria inapovifukuza vyote viwili kwa fimbo moja, kinachobaki sokoni ni kile rahisi kufichwa. Anayetaka ulevi upungue ana sababu ya kuipendelea pombe nyepesi, yenye nguvu inayojulikana, inayonywewa hadharani mbele ya majirani.

Pingamizi la tatu ni la kiufundi, na mpikaji yeyote atalitoa kabla mimi sijamaliza sentensi: haidromita imetengenezwa kwa bia iliyochujwa, wakati pombe zetu ni nzito, zina machicha, na hunywewa zikiwa bado zinachacha. Ni kweli. Chembe za unga zinazoelea zinapotosha usomaji, na asilimia ya asubuhi si ya jioni. Lakini ugumu huo haukosi njia. Sampuli inaweza kuchujwa kwa kitambaa na kuachwa itulie kabla ya kupimwa. Maji ya ndizi yanaweza kupimwa kabla ya kuchanganywa na uji. Mpikaji akipima mapishi yake kwa saa kadhaa na kuandika, atajua baada ya muda kwamba pombe yake ikifika saa fulani huwa karibu na nguvu fulani. Jibu la kukadiria lenye kosa dogo ni bora kuliko kutojua kabisa. Tena kifaa hiki si kigeni kama tunavyodhani. Wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya ushirika wanakijua vizuri: laktomita inayogundua maziwa yaliyotiwa maji ni haidromita iliyowekewa alama za maziwa. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye maziwa tuliacha kutegemea maonyo tukaleta kipimo, na mfugaji mdogo hakushindwa kukizoea. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mpikaji wa mbege atashindwa, ilhali kazi yake ni ngumu kuliko kukamua.

Pingamizi la nne linatoka hazina. Serikali zetu zinategemea ushuru wa bia ya chupa, na kila lita inayopikwa nyumbani ni lita isiyotozwa. Hata hapa mfano wa huku unasaidia. Uingereza haitozi bia ya nyumbani kwa sababu haiuzwi. Mara mpikaji anapotaka kuuza, anaingia kwenye usajili na ushuru, na tangu mwaka 2002 watengenezaji wadogo wametozwa kwa kiwango nafuu. Unafuu huo ulisaidia viwanda vidogo vingi kuzaliwa, na baadhi ya waanzilishi wake walianza na ndoo jikoni. Kwetu hali ni tofauti katika jambo moja kubwa, nalo lazima lisemwe wazi: mpikaji wa huku anapika kwa kujifurahisha, na wa kwetu mara nyingi anapika ili alipe ada ya shule. Kwa hiyo msamaha wa kunywa nyumbani pekee hautamfaa. Anachohitaji ni ngazi ya kati, yaani usajili wa ada ndogo katika ngazi ya kata au kaunti, kwa pombe ya kuchacha isiyovuka kiwango fulani cha nguvu. Historia ya Uingereza inatoa pia onyo. Hopi zilipoenea kuanzia karne ya 15, bia ikaweza kukaa na kusafirishwa, mtaji ukawa mkubwa, na wanawake waliokuwa wapikaji wakuu wakasukumwa nje ya biashara na wanaume wenye mitaji. Sheria yoyote itakayodai chupa, lebo na jengo la vigae kabla ya kumtambua mama wa kilabuni itarudia kosa hilo, na jina la uboreshaji halitaliondolea ukatili wake.

Liko pia pingamizi la imani, nalo nalitaja kwa heshima. Wasomaji wengi wa Kiswahili, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, hawanywi na hawataki pombe ipewe nafasi. Hoja hii haiwaombi wanywe, wala haisemi kunywa ni jambo jema. Inasema tu kwamba pombe iliyopo, inayonywewa na jirani, ndugu au dereva wa gari wanalopanda, iwe na nguvu inayojulikana na isiwe na sumu. Asiyekunywa ana maslahi katika jambo hilo sawa na anayekunywa, na pengine zaidi, kwa kuwa yeye hulipa gharama bila kuonja.

Kwa nini basi nasema kopo libaki huku? Kwa sababu kopo ni kimea cha shayiri cha nje, kwa fedha za kigeni, kwa ajili ya hali ya hewa isiyo yetu. Mpikaji wa Leeds anahangaika kuipasha joto ndoo yake wakati wa baridi. Mpikaji wa Dar es Salaam au Mombasa angehangaika kuipoza, maana hamira ya kopo ikifanya kazi katika nyuzi 30 hutoa ladha kali na harufu isiyopendeza. Zaidi ya hapo, mwenzetu anayerudi likizo na makopo matatu kwenye sanduku anabeba kimea kwenda kwa watu wanaootesha ulezi wao wenyewe. Mtama na ulezi hustahimili ukame kuliko shayiri, ndizi zipo, asali ipo, na chachu ya asili imekaa katika mitungi na vibuyu vyetu vizazi kwa vizazi, ikiwa imezoea joto letu. Kiwanda kimeshathibitisha kwamba pombe ya namna hii inaweza kufungashwa na kuuzwa kwa utaratibu: Chibuku imeuzwa hivyo katika nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika, na Arusha kuna kampuni inayouza kinywaji cha ndizi kwenye chupa. Kilichobaki ni kuutoa uhakika huo kiwandani na kuufikisha kwenye jiko la kuni.

Kazi hiyo inawezekana bila fedha nyingi. Haidromita huku inauzwa kwa bei inayokaribia pinti moja au mbili za bia katika baa ya London. Kipima-joto na karatasi za kupima uchachu havizidi sana hapo. Tanzania ina SIDO na VETA, Kenya ina KIRDI, taasisi zilizokwisha kufundisha wasindikaji wadogo wa vyakula, na somo la vipimo vitatu na usafi wa malighafi linaweza kuingia humo kama lilivyoingia somo la maziwa na asali. Halmashauri na kaunti zinazotoa leseni zinaweza kuweka sharti moja jepesi: kila kilabu kiwe na ubao wa chaki unaoonyesha nguvu ya pombe ya siku hiyo, tarehe iliyopikwa na jina la aliyeipika. Jina lina uzito, maana mpikaji mwenye jina ubaoni ana sababu ya kutotia uchafu wala kemikali. Nasi tulio ughaibuni tuna sehemu yetu. Tunao watu waliojifunza kupika bia huku kwa uangalifu mkubwa, wanaojua kusoma 1.030 na 1.008 na kueleza maana yake. Waandike miongozo hiyo kwa Kiswahili fasaha, kwa ulezi na ndizi badala ya shayiri, waijaribu pamoja na wapikaji wenyewe, na vyama vyetu vya kusaidiana vitume vipimo badala ya kreti za makopo. Watunga sheria wetu nao waache kuhesabu mafanikio kwa lita zilizomwagwa. Wahesabu vilabu ambavyo mnywaji anaweza kuuliza nguvu ya pombe na akapewa jibu lililopimwa.